Mgonjwa Kidogo: Kilosa, Ulaya, Mikumi na Kurudi

Kabla hamjaniuliza tena, nakiri mwenyewe: nilikwenda kuongoza watalii nikiwa nimevaa kandambili za bafuni. Viatu vya safari nilikuwa navyo, vipya, nilivipaka rangi nikaviweka mlangoni ili nisivisahau, kisha nikaviruka kama mtu anavyoruka paka aliyelala, nikaenda zangu. Nilikuja kugundua nikiwa stesheni, wageni wameshashuka, nami natazama vidole vyangu. Kushoto bluu, kulia kijani. Hata hizo kandambili hazikuwa jozi.

Wengi mmenipitia kibarazani mnataka kujua ilikuwaje, na kila mmoja anataka nianzie mwanzo, na kila nikianza mafuta yanaungua. Kwa hiyo naandika mara moja. Mwenye miwani amsomee asiye nayo.

Kwa wasiojua: wakati reli mpya inajengwa nilifanya kazi jikoni kule kambini, chini ya mpishi wa Kituruki tuliyemwita Usta, yaani fundi. Usta hakujua Kiswahili na hakuwa na mpango wa kukijua, ikabidi nijifunze mimi. Nikajifunza Kituruki cha jikoni: lete, ondoa, koroga, chumvi imezidi, nani kaacha mlango wazi, huyu kuku amekufa lini. Kambi ikafungwa, Usta akarudi kwao, mimi nikarudi kwenye vitumbua vyangu Mabwerebwere, hapa Kilosa, na lugha kichwani isiyo na kazi, kama ufunguo wa nyumba iliyobomolewa.

Ndipo akapiga simu Bosi Kondo, mwenye kampuni ya kutembeza watalii kutoka Morogoro.

"Dada Zaituni, nasikia unaongea Kituruki."

"Naongea."

"Na wenyewe wanakuelewa?"

"Usta alinielewa, na yeye alikuwa mgumu."

Akacheka. Akasema hao ni Waturuki wake wa kwanza, na wengine wanakuja nyuma yao. "Wakiondoka wanacheka, kiti cha mbele kando ya dereva ni chako msimu mzima. Wakiondoka wamenuna, basi tena."

Nisiwafiche, nilikitaka hicho kiti. Mimi ni mtu wa nyumbani, safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa kumpeleka mama hospitali Morogoro, na sipendi kitanda kisichonijua. Lakini miaka ya kukaa kwenye kigoda mbele ya moto imeniachia macho mekundu na kiuno cha kizee. Kiti chenye mgongo, dirisha, na mtu mwingine anayeshika usukani. Nilikiota.

Mabwerebwere hadi stesheni

Dereva alinifuata nyumbani na Landkruza ya paa la kufunguka. Mtu mzima, kofia ya kufuma, shati limepigwa pasi mpaka linakata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Wa hapa hapa. Ila babu alitoka Tabora, aliletwa kwenye mashamba ya mkonge."

Akazima injini kabisa ili anigeukie vizuri. "Mnyamwezi."

"Na wewe mzee?"

"Mimi Athumani, Msagara wa Ulaya, hii hii yetu ya Kilosa."

Mambo yakaharibika hapo hapo, gari halijasogea. Ninyi mnajua, Mnyamwezi na Msagara wakikutana hawasalimiani, wanatukanana. Ni watani toka enzi za mababu.

"Leo kazi ipo," akasema. "Nimezoea kupakia mizigo. Sijawahi kupakia mpagazi."

"Na mimi sijawahi kuendeshwa na Msagara. Babu yangu alipita huku akamkuta babu yako amekaa. Nikikutazama naona bado mmekaa."

Akawasha gari, mabega yanatikisika kwa kicheko. Nikajua dereva nimempata.

Stesheni wakashuka watano. Bwana Kerem, aliyepanga safari, mtu wa makamo anayetazama saa kama anaidai. Mama yake, Bi Nermin, mwalimu mstaafu mwenye fimbo na mgongo ulionyooka kuliko fimbo. Na rafiki watatu wa Kerem ambao sikuwahi kuwatofautisha vizuri, maana muda wote nyuso zao zilikuwa nyuma ya kamera.

Nilikuwa nimejiandaa kwa salamu. Nikasimama wima, nikawapa salamu ile ile Usta aliyokuwa akiitoa kila anapoingia jikoni asubuhi. Wakatazamana. Ile salamu, kumbe, ni ya kumpa mtu aliye kazini. Nilikuwa nimewapokea watalii waliolipa pesa zao kuja kupumzika kwa kuwaambia poleni na kazi.

Bi Nermin ndiye aliyejibu. "Nani alikufundisha lugha yetu?"

"Mpishi."

"Nasikia. Unaongea kama babu wa kijijini kwa mama yangu, anayefokea samaki." Kisha akatazama miguu yangu, bluu na kijani, akasema hapo ndipo alipoamini kwamba mimi ni mtu wa kweli na si wa ofisini.

Stesheni hadi Ulaya

Mvua ilikuwa imepita siku mbili nyuma na barabara ilikuwa bado inaikumbuka. Tulikwenda kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai. Mahali penye mto mdogo lori la mahindi lilikuwa limekaa katikati ya maji, limetulia, kama ndipo lilipokusudia kufika. Wenye lori walikuwa ukingoni wanakula miwa.

"Tutakaa kwa muda gani?" akauliza Kerem.

Nikamuuliza Mzee Athumani. Mzee Athumani akawauliza wenye lori. Wenye lori wakatafuna kwanza.

"Bado kidogo," wakasema.

Nikatafsiri. Kerem akatazama saa. Alipouliza tena, jibu lilikuwa lile lile, nami nikalitafsiri lile lile. Mara ya nne Bi Nermin alimshika mwanawe mkono akamwambia aache kumsumbua msichana, kidogo ya hapa ni ndefu. Msichana ni mimi. Nina wajukuu wawili, lakini nilipokea.

Njaa ikatushika. Wageni walikuwa na biskuti, mimi nilikuwa na vitumbua nilivyobeba kwa siri kwa sababu siamini chakula cha safari. Vikaliwa vyote. Ili muda uende, mimi na Mzee Athumani tukaendelea na shughuli yetu.

"Lori lile liko juu ya mawe ya kwenu," nikamwambia. "Wasagara hata mawe yenu mavivu, yameshindwa kukaa pembeni."

"Wanangoja Mnyamwezi aje alibebe kichwani. Shuka basi, si ndiyo kazi yenu?"

"Nishuke na nani atakufundisha njia? Wewe nje ya Ulaya unapotea."

Tulikuwa tunasema kwa kelele, tunanyoosheana vidole, na nyuma kumenyamaza kabisa. Sikulitilia maanani hilo. Ningelitilia, siku ya pili ingekuwa nyingine.

Lori lilipotolewa jua lilikuwa limeshainama. Tulipofika Ulaya, gulio linafungwa, watu wanasukuma baiskeli zenye magunia kwenda makwao. Kerem alisoma kibao, akauliza kama kweli jina la mahali ni Ulaya, na nilipomweleza sisi huku tunaita nini Ulaya, wakacheka wote, kwa mara ya kwanza. Nikahesabu kicheko hicho upande wangu.

Mzee Athumani akaomba dakika moja amsalimie kaka yake. Kaka mwenyewe, Mzee Ramadhani, alikuwa chini ya banda la mabati anaziba pancha. Akaja mpaka dirishani na kichane cha ndizi mbivu, akawagawia wageni mmoja mmoja kwa mikono miwili, mikono yenyewe ina gundi ya tairi. Akanikuta mimi wa mwisho.

"Athumani, huyu umemtoa wapi?"

"Mtani, kaka. Mnyamwezi wa Mabwerebwere."

"Basi mpe ndizi upesi, asije akala tairi zangu."

"Shikamoo kwanza, mzee," nikasema, "halafu nisikilize. Wewe ziba tu hizo pancha. Siku ukifa mimi mtani ndiye nitakayelikalia jembe la kukufukia mpaka nilipwe, na hao wazikaji wako watanitambua."

Akacheka mpaka akaushika mlango wa gari. Akachungulia ndani, akaona miguu yangu.

"Njoo," akasema. "Lakini uje na viatu. Sitaki kuzikwa na mtu aliyetoka kuoga."

Ulaya hadi Mikumi

Sikumbuki mengi ya kipande hiki, nililala na mdomo wazi, wageni wanayo picha. Nakumbuka kufika Mikumi tumechoka, malori ya barabara kuu yanapita na taa, mwili wangu bado unatikisika hata baada ya gari kusimama.

Chakula kikaja na balaa lake. Wageni waliomba chai. Wakaletewa chai ya maziwa, ya tangawizi, ya kwetu, nzito. Wakaitazama kama watu walioletewa uji wakati wameomba maji. Nikaenda mwenyewe jikoni, nikamwambia mpishi chai ya rangi, kali, vikombe vidogo, na usiache kuleta mpaka wafunike kikombe. Aliniuliza nimejuaje. Nikamwambia nimesomea. Ugali waliuonja kwa adabu, nyama choma waliila bila adabu, na Bi Nermin akaomba ndizi za yule mzee kama zimebaki.

Kisha Kerem akanisogelea. Akauliza kwa upole kweli kweli: dereva amenikosea nini?

"Hajanikosea."

"Mmetukanana kutwa nzima. Mama yangu ana ugonjwa wa moyo. Kama hamwezi kufanya kazi pamoja, niambie."

Nikajaribu kumweleza utani. Jaribuni ninyi, kwa maneno ya sufuria na chumvi. Nilimwambia babu wa dereva na babu yangu walikutana barabarani. Nilimwambia sisi tunapigana kwa mdomo kwa sababu hatutapigana kwa mkono. Nilimwambia akifa, mimi nitafanya fujo. Hapo Kerem akasimama, akatoka nje kupiga simu.

Haikupita muda Bosi Kondo akanipigia.

"Dada Zaituni, mgeni analalamika mnagombana."

"Ni utani, bosi. Yule Msagara."

"Najua ni utani. Mimi mwenyewe Mluguru. Lakini wao hawajui, na wao ndio wenye safari. Kesho sitaki kusikia neno. Nimeshamwambia na Athumani. Kiti unakitaka au hukitaki?"

"Nakitaka."

Nikalala kwenye kitanda kisichonijua. Tukageuzana hivyo mpaka alfajiri.

Mbugani

Asubuhi Mzee Athumani alinipokea kwa tabasamu la pembeni, akaweka kidole mdomoni, akanionyesha wageni kwa nyusi. Nikamjibu kwa kumtolea ulimi kidogo. Utani wa kimyakimya, Bosi Kondo asingeusikia.

Getini, tunasubiri kuruhusiwa, simu yake ikaita. Akashuka akasikiliza kando ya kibao, anasikiliza sana anajibu kidogo. Alipokuwa anarudi ikaita tena, sauti nyingine. Kabla hajafunga mlango ikaita tena.

"Kuna nini, mzee?"

"Nyumbani. Kaka mgonjwa kidogo. Wanasema nikimaliza kazi nipitie."

Akawasha gari, tukaingia.

Ninyi mnaosoma hapa hamhitaji mkalimani. Mtu aliyegawa ndizi jana jioni, leo asubuhi watu wanapokezana simu kusema ni mgonjwa kidogo, na hakuna anayetaja hospitali. Kwetu hakuna anayeambiwa kwenye simu. Unaambiwa mgonjwa kidogo, unapanda gari, na kila kona unayokaribia nyumbani ugonjwa unazidi, mpaka unaona turubai. Na wewe unayeambiwa una kazi yako pia, kujifanya umeamini. Mzee Athumani alikuwa anaifanya kazi hiyo, na ya usukani juu yake. Gari la watu, wageni wa watu, na bosi aliyemfokea jana yake tu.

"Anasemaje?" akauliza Kerem.

Nami, mkalimani, nikatafsiri neno kwa neno kama mtu aliyesomea. "Kaka yake mgonjwa kidogo."

"Apone haraka," akasema Kerem, na alimaanisha. "Muulize kama leo tutaona simba."

Nikamuuliza. Nilijua Waislamu wa Ulaya hawalazi maiti bila sababu, watamngoja ndugu mpaka alasiri na baada ya hapo watazika. Nilijua, na nikakaa kimya, kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye kiti. Kilikuwa kizuri kuliko nilivyokiota.

Tukaona twiga. Tukaona tembo wanavuka na watoto wao katikati. Tukaona viboko wamelala majini kama lori la jana. Mzee Athumani alisimama kila panapostahili, akataja kila mnyama na tabia yake, mimi natafsiri nisichokuwa na maneno yake kwa kuonyesha mikono, kamera zinalia nyuma. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo lililobandikwa ukutani.

Sikuweza kuvumilia. Tulipofika kwenye kundi la nyati nikavunja amri ya Bosi Kondo, waziwazi, kwa sauti.

"Mzee, hawa ndio wajomba zenu waliokataa kuhamia kijijini?"

Nikasubiri. Akatazama mbele.

"Ndiyo, dada," akasema.

Dada. Mtani wangu ananiitikia kwa adabu. Ni kama kuweka mkono jikoni ukakuta majivu yamepoa. 

Nyuma, Kerem alisikia sauti ile ya upole akafurahi. "Mnaona? Leo mnaheshimiana."

Bi Nermin akashusha darubini. "Zaituni," akaita. "Mbona leo hamgombani?"

Nikatafuta maneno. Usta hakunifundisha marehemu, hakunifundisha msiba wala ametutoka. Alikuwa na neno moja tu, alilisema kwa kuku na kwa moto uliozimika, nami nilijua ni neno bichi. Lakini nikakumbuka na jambo jingine: Mzee Athumani hajui Kituruki hata cha kuombea maji.

"Yule kaka yake wa ndizi," nikasema, macho mbele, kwa sauti ile ile niliyotumia kutaja nyati, "amekufa. Wanazika leo. Yeye hajaambiwa. Anajua, lakini hajaambiwa. Msimtazame."

Kamera zikanyamaza. Nilikuwa nimekitaja kifo kando ya mfiwa, naye anaendelea kukwepa mashimo. Kwa Kiswahili nisingethubutu, mdomo ungekataa.

Kerem akainama karibu na sikio langu. "Una hakika? Amekwambia?"

"Hajaniambia."

"Sasa umejuaje?"

"Ameniita dada."

Hakuelewa, na simlaumu. Akasema polepole kwamba wana leo tu na nusu ya kesho, na rafiki zake wamevuka bahari kwa ajili ya simba, labda tumalize mchana kisha dereva aende. Alisema kweli. Si mtu mbaya yule.

"Kerem," mama yake akasema. "Baba yako alipofariki ulikuwa jeshini. Nilikwambia nini kwenye simu?"

Kerem akaiacha saa, akamgeukia mama yake. "Uliniambia ana mafua."

"Ukaja na nini?"

"Na suti nyeusi."

 Kisha Bi Nermin akaninyooshea fimbo begani. "Mwambie dereva mimi naumwa kidogo. Naomba turudi kwa njia ya Ulaya."

Nikamgeukia. "Mzee, bibi anaumwa kidogo. Anaomba turudi, kwa njia ya Ulaya."

Mzee Athumani akatazama kwenye kioo. Bi Nermin amekaa wima kama mlingoti, hana hata kikohozi. Wakatazamana humo kiooni, wazee wawili.

"Mungu ampe nafuu," akasema, akageuza gari.

Rafiki mmoja wa Kerem anaapa kwamba wakati tunageuza aliona mkia. Gari halikusimama.

Mikumi hadi Ulaya tena

Nilisimamisha gari mjini Mikumi nikanunua kanga, zangu na za Bi Nermin, nikamfundisha kujifunga. Njia nzima Bi Nermin aliendelea kuugua kwa uaminifu, anajipepea kila kioo kinapomtazama.  Nilikuwa nimechoka uchovu ule wa mifupa, na nilikuwa nimeshakiaga kiti, ingawa bado nilikuwa nimekikalia.

Turubai lilionekana kabla ya banda la pancha. Mzee Athumani alipoegesha, wazee wawili wakaja mlangoni, wakamshika mikono huku na huku, na kazi yake ya kujifanya ikaishia pale.

Wanaume wageni wakamfuata. Kerem alivua koti bila kuambiwa. Mimi na Bi Nermin tukakaa mkekani na wanawake, ambao walimsogezea mzungu, ndivyo walivyomwita, mto wa kuegemea na maji.

Swala ilipoisha na watu wakaanza kuinuka, nikaona majembe ya kufukia yameegemezwa kwenye mgomba, na vijana wawili wanakuja kuyachukua. Ahadi ni ahadi. Miguu haikutaka, lakini nikaenda, nikalilaza jembe moja chini, nikalikalia.

"Halitoki," nikasema. "Msagara huyu alinipa ndizi moja tu jana, moja, mtu mzima mzima. Na alinikataza nisije bila viatu. Haya, nimekuja hivi hivi. Aamke anifukuze."

Vijana wakasita. Kisha mama mmoja mkekani, aliyekuwa akilia toka tumefika, akapasuka kwa kicheko kilichochanganyika na kilio, na wengine wakafuata. Kerem alikuja mbio, uso umemwiva kwa aibu, ananiuliza ninafanya nini kwenye maiti ya watu. Mama yake akamdaka shati.

"Wanagombana tena," akamwambia. "Waache."

Mzee Athumani akatoka katikati ya wazee. Akasimama juu yangu, macho mekundu.

"Mnyamwezi gani huyu," akasema, "anakuja msibani na kandambili za bafuni, na hata hazi..." Akazitazama tena kandambili, akajaribu upya. "Na hata hazifanani. Mpeni ndizi, ainuke."

Nikapewa. Nikainuka. Wakaenda kumzika.

Ulaya hadi nyumbani

Kesho yake kampuni ilitupa dereva mwingine, kijana mwenye adabu, na gari zima tukasafiri kimya hadi Kilosa. Lile lori safari hii halikuwepo. Bosi Kondo alikuwa amekuja stesheni kuwaaga wageni wake.

Kerem, haki yake, alimwambia kweli tupu kwa Kiingereza, kwamba simba hawakuwaona na mbugani wameingia asubuhi moja. Bosi akawa anaitikia kwa kichwa, shingo inazidi kuwa fupi. Ndipo Bi Nermin akamshika mkono, akamwambia maneno marefu kwa Kituruki. Alisema, nisamehewe kuyarudia, kwamba mtu wa aina yangu asimwachie aende, na kwamba angekuja tena hata bila simba.

"Anasemaje?" Bosi Kondo akaniuliza.

Sasa mtu unajitafsiriaje sifa zako mwenyewe, mbele ya watu, na kandambili miguuni? Mdomo ukakataa.

"Anashukuru kidogo," nikasema.

Bi Nermin akanibusu mashavu yote mawili, akapanda treni. Bosi Kondo akatazama reli mpaka ilipokuwa tupu, akanipa mkono.

"Umejitahidi, dada Zaituni. Pumzika. Tutakupigia."

Nikafika Mabwerebwere jua linatua. Viatu vyangu havikuwa mlangoni. Vilikuwa vimewekwa ndani ya kikapu kibarazani kwa jirani yangu Mama Chausiku, mtu ambaye mtaa mzima haujawahi kumtuma apeleke habari za msiba, kwa sababu anazipeleka zikiwa za moto. Akanipa maji, akanipa kigoda, akanisikiliza toka stesheni hadi stesheni bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Nikamalizia kwa kumwambia kwamba bosi hakukasirika, aliniambia nipumzike, watanipigia. Nimekaa na simu tangu siku hiyo mpaka hii ninayoandika, na inaita vizuri tu, ninyi mnapiga. Lakini Mama Chausiku jibu alinipa pale pale, wakati ananikabidhi viatu:

"Hiyo 'tutakupigia' ndiyo mgonjwa kidogo yako, Zaituni. Kazi imekufa, imezikwa, na hakuna hata aliyeikalia jembe. Washa moto, watu tumekosa vitumbua siku tatu."